Soksi Nyeupe Kwenye Kiti cha Dereva

Maiti ilikuwa imeketi nyuma ya usukani, mkanda umefungwa, kichwa kimelalia bega kama cha mtu anayesikiliza jambo kwa makini. Gari lilikuwa limeacha barabara kwenye kona, likateremka hadi bondeni na kuugonga ukuta wa kalavati. Mvua ilikuwa imekatika, lakini lami bado iling'aa kwa maji.

Inspekta aliinama dirishani. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita watu waje mezani. Kituoni walimwita Shangazi akiwa hayupo. Akiwapo, walimwita Afande.

"Unamjua?" alimwuliza Sajenti.

"Nani asiyemjua? Huyu ndiye Mwalimu. Nusu ya madereva wa mji huu amewafundisha yeye. Hata mimi."

"Ukafaulu?"

"Mara ya tatu, Afande."

Inspekta hakucheka. Alikuwa anatazama miguu ya marehemu. Mwalimu alikuwa na soksi tu, nyeupe pee, mpaka kwenye nyayo.

"Viatu viko wapi?"

"Vitakuwa vimeruka. Ajali huwavua watu viatu, nimeona mara nyingi."

"Vikarukia wapi? Milango ilikuwa imefungwa. Vioo vya madirisha vizima. Cha mbele kimepasuka, lakini hakina tundu."

Sajenti akapiga magoti kwenye matope, akapapasa chini ya viti. Alitoka na karanga mbili na kalamu iliyokauka wino. Viatu hakuna.

Inspekta akazunguka upande wa pili. Kiti cha abiria kilikuwa kimelazwa nyuma kabisa, kama kitanda.

Abiria mwenyewe alikuwa ameketi juu kando ya barabara, blanketi mabegani, viatu miguuni. Alikuwa mdogo wa marehemu. Nyumbani kwao walimwita Mziwanda, na jina hilo lilikuwa limemganda ingawa kidevu kilishaanza mvi.

"Pole sana, mwanangu. Nani alikuwa anaendesha?"

"Kaka."

"Na wewe?"

"Nilikaa pembeni yake. Tulikuwa tunapiga soga."

"Ikawaje?"

"Aliweka kruzi. Mvua ikatukuta hapa mteremkoni. Akakanyaga breki, kruzi ikakataa kuachia. Akakanyaga tena, ikakataa. Akasema, 'Fundi ameniua.' Basi."

Kruzi ndiyo kile kidhibiti mwendo ambacho magari mengi ya siku hizi yanacho. Unachagua spidi, unabonyeza kitufe kwenye usukani, gari linaushika mwendo lenyewe na mguu unapumzika. Ukigusa breki tu, inaachia. Ndivyo inavyotakiwa.

"Fundi yupi huyo?"

"Fundi Nyaya. Jana tu alibadilisha swichi ya breki."

Kabla giza halijaingia, Fundi Nyaya alikuwa mahabusu.

*

Mke wa Fundi alikaa kwenye benchi la mapokezi na chupa ya chai mapajani, akimwuliza kila askari aliyepita kama mumewe amekula. Ndani, Fundi alikuwa amesimama. Hakutaka kukaa.

"Swichi ya breki kazi yake nini?" Inspekta aliuliza.

"Kazi mbili, Afande. Ukikanyaga, inawasha taa nyekundu za nyuma. Papo hapo inaiambia kruzi iachie."

"Na ikiwa mbovu?"

"Taa haziwaki. Na kruzi inaweza isijue kwamba umekanyaga."

Sajenti alikohoa. Mezani palikuwa na maelezo ya dereva wa lori la mchanga aliyekuwa nyuma ya gari la Mwalimu. Aliona gari likiingia konani na mvua inamwagika, likapotea bila kuwasha taa nyekundu hata kidogo. Lori lilikuwa na mzigo, hakuthubutu kulisimamisha mteremkoni. Alikwenda kuliegesha chini kabisa kwenye tambarare, ndipo akarudi kwa miguu kusaidia.

"Taa hazikuwaka," alisema Sajenti. "Swichi mbovu. Mambo yamekwisha."

"Hayajaisha kwangu!" Fundi alipiga kifua. "Mimi na Mwalimu tumekua pamoja. Siku ya harusi yake mimi ndiye niliyemshikia koti akienda kutapika kwa woga. Leo nimuue kwa swichi?"

"Hatujasema ulikusudia. Kusababisha kifo kwa uzembe ni kosa hata bila kukusudia."

"Najua. Najua na ninakokwenda. Na gereji najua itakavyofungwa. Lakini niambie, Afande, mvua ilikuwa inanyesha?"

"Sana."

"Na ni mteremko wenye kona?"

"Ndiyo."

"Basi Mwalimu hakuweka kruzi. Muulize yeyote aliyepita mkononi mwake. Muulize huyu Sajenti hapa!"

Inspekta akamgeukia Sajenti. Sajenti akatazama dari kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Alikuwa anatuimbisha," alikiri. "Kruzi ni ya barabara kavu, iliyonyooka, isiyo na magari mengi. Tone la kwanza la mvua, zima. Maana tairi likielea juu ya maji, kruzi haijui kwamba umeteleza. Yenyewe inadhani gari limepunguza mwendo, inaongeza moto. Mteremko, zima. Usingizi ukikunyemelea, zima, kisha uegeshe ulale. Na mguu ukae jirani na breki. Alikuwa anasema, 'Mguu umepewa mapumziko, haukupewa likizo.'"

"Na ulifeli mara mbili na yote hayo kichwani?"

"Nilifeli kuegesha, Afande."

Walikwenda uani kulikokuwa na gari lililovutwa. Wakaunga betri. Inspekta akasimama nyuma, Sajenti akakanyaga breki. Taa nyekundu zikawaka. Akakanyaga tena, zikawaka. Akaendelea mpaka mguu ukachoka, na kila mara ziliwaka.

"Swichi nzima," alisema Inspekta. "Iliyokufa ni hoja yako."

"Swichi za siku hizi huwa zinashika na kuachia. Kwa mwendesha mashtaka, taa kuwaka hapa uani si kitu. Shahidi wa lori aliona haziwaki. Aliyepona anasema breki ilikanyagwa."

"Au haikukanyagwa."

"Mwalimu ashindwe kukanyaga breki? Yule?"

Hapo ndipo alipokwama Inspekta pia. Mtu wa namna ile aweke kruzi kwenye mvua, aende na soksi, asahau breki? Mkuu wa kituo alikuwa ameshampa neno lake: kesho faili liende kwa mwendesha mashtaka, na Fundi aende nalo.

Alipopita mapokezi, mke wa Fundi alisimama.

"Afande, anaachiwa?"

"Mpe chai, mama. Sijamaliza."

*

Asubuhi alikwenda msibani bila sare, amejifunga kanga kiunoni. Inspekta aliamini kwamba jiko la msibani halihitaji hati ya upekuzi, linahitaji kisu tu. Akajisogeza kwenye duara la wanawake waliokuwa wanamenya vitunguu, akapokea kisu, akaanza. Nyumba ilikuwa imejaa mpaka varandani. Watoto walikuwa wanarukaruka juu ya miguu ya wazee, mtu analia chumba hiki, mtu anacheka chumba kile, na kila anayeingia anauliza sukari iko wapi. Kusema kweli Inspekta alipapenda.

"Wewe ni wa upande gani?" aliuliza mama mdogo wa marehemu, mwanamke mwenye meno machache na maneno mengi.

"Wa polisi."

"Aa. Menya basi."

Haikuchukua muda soga likalifikia gari.

"Lile gari lilikuwa mke mwenza wangu," alisema mjane, macho yamevimba. "Mimi nikiugua ananiuliza nimekula nini. Gari likikohoa, analala uani."

"Na zile sheria zake za viatu!" mama mdogo alidakia. "Afande, uliwahi kupanda gari la Mwalimu? Unavua mlangoni! Viatu vinatiwa kwenye mfuko, mfuko unafungwa, unakwenda kwenye buti. Ati mazulia yasichafuke."

"Hata bibi harusi wa juzi alimvua," alisema mwingine.

"Bibi harusi mzima! Na gauni lake! Akashuka pekupeku mbele za wakwe!"

Wanawake wote wakaangua kicheko, mjane naye. Kisha kicheko kikamgeukia kikawa kilio, wakamshika.

Inspekta alisubiri mpaka alipotulia. "Na Mwalimu mwenyewe alivua?"

"Avue wapi? Yeye dereva!" Mama mdogo alifuta machozi ya kitunguu kwa kiwiko. "Alisema soksi inateleza kwenye breki, dereva haendeshi bila viatu. Gari zima tuko pekupeku, yeye peke yake na viatu kama askari wa zamu. Tukimtania, anasema sheria ni sheria: anayeshika usukani ndiye anayevaa."

Kisu cha Inspekta kilisimama katikati ya kitunguu.

"Mdogo wake yukoje?" aliuliza taratibu.

"Hali, halali. Jana nimemkanda mpaka mikono imeniuma. Bega limevilia damu, jeusi kama biringani."

"Bega lipi, mama?"

"La kulia. Hili hapa, kutoka shingoni likishuka hivi kifuani." Akachora mstari kwa kisu hewani.

Kwenye kona ya ukumbi, juu ya mkeka, mama yao mzazi alikuwa amekaa kimya muda wote. Sasa alisema bila kugeuka:

"Nilimwambia mwanangu mbele ya watu, usimpe huyu usukani. Aliliangusha pikapu la marehemu baba yao, likafa na biashara yetu ikafa. Nikasema, akiligusa gari lako, tutalia. Namshukuru Mungu alinisikia. Angalau hilo alinisikia."

Inspekta akaweka kisu chini, akaomba radhi, akatoka uani.

Alimpigia Sajenti kwanza. "Buti la gari mlilifungua?"

"Tulichungulia. Tairi la akiba na jeki. Na kuna mfuko wa kitambaa."

"Ufungue."

Ikasikika sauti ya zipu.

"Viatu, Afande. Vyeusi, vimeng'arishwa, soli kavu. Ndani vimeandikwa… eh. Ni vya Mwalimu."

"Ndani ya mfuko uliofungwa, ndani ya buti lililofungwa. Vimeruka mbali sana, siyo?"



Simu ya pili ilikwenda kwa daktari wa uchunguzi wa maiti. Daktari alisema ndiyo kwanza anamaliza. Shingo ilivunjika, kifo kilikuja mara moja. Ngozi ilikuwa na alama ya mkanda.

"Bega gani?"

"La kushoto, kushuka kiunoni upande wa kulia. Ripoti nitakuletea mchana."

"Usijali, nimeshaisoma."

*

Mziwanda alikuwa chumba cha nyuma, amekaa ukingoni mwa kitanda kilichorundikwa mabegi ya wageni. Inspekta akafunga mlango. Sajenti, aliyekuwa amefika na gari la polisi, akasimama nje.

"Bega vipi?"

"Linauma kidogo."

"Hebu nioneshe mkanda wa abiria unavyopita. Hapo hapo ulipokaa."

Mkono wa Mziwanda ulikwenda bega la kulia. Ukasita. Ukahamia kushoto.

"Sawa kabisa," alisema Inspekta. "Abiria anakaa kushoto, mkanda unatoka bega la kushoto. Dereva anakaa kulia, unatoka bega la kulia. Sasa wewe umevilia bega gani?"

Mziwanda aliushusha mkono.

"Na kaka yako ana alama bega gani? Nimeuliza. La kushoto."

"Gari lilipinduka, Afande, kila kitu kili…"

"Halikupinduka. Viatu vyake viko wapi?"

"Sijui. Viliruka."

"Viko kwenye mfuko, kwenye buti. Alivivua kwa sababu alikuwa abiria kwenye gari lake mwenyewe. Na wewe ulikuwa umevaa, kwa sababu sheria ni sheria."

Mziwanda akatazama miguu yake. Kisha mwili wote ulilegea, kama mtu aliyetua mzigo ambao mikono ilikuwa imeshakufa ganzi.

"Alicheka," alisema. "Alipohamia kushoto alivua mwenyewe, akavitia kwenye mfuko, akanipa vyangu. Akasema, 'Leo na mimi ni abiria.' Alikuwa amechoka, hakulala vizuri. Barabara ilikuwa kavu, imenyooka, hatuoni gari. Akasema, 'Shika, nikufundishe kruzi, mama hatajua.' Alinifundisha kila kitu. Vitufe, mguu, kila kitu. Alinitazama kitambo, akasema, 'Umeona? Unaweza.' Akalaza kiti akalala."

"Na mvua?"

"Alisema ikianza nizime."

"Kwa nini hukuzima?"

Alijipangusa uso kwa kiganja.

"Nilitaka aamke akute mshale wa spidi uko pale pale alipouacha. Haujacheza hata kidogo. Nilitaka aone. Maisha yangu yote, Afande, hakuna kitu nilichopewa nikakirudisha kizima."

"Mguu ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimeukunja chini ya kiti. Ulikuwa raha tu. Gari linakwenda lenyewe, unaona kama wewe ndiye dereva bora duniani. Tukaingia konani, nikahisi usukani umekuwa mwepesi, kama nimeshika sahani. Injini ikanguruma yenyewe. Nikautafuta mguu wangu, ukakwama kwenye kiti. Nilipoutoa tulikuwa tumeshafika chini."

"Breki haikukanyagwa."

"Haikukanyagwa."

"Halafu?"

"Nikamwita. Nikamtikisa. Shingo yake… Nikajua. Sikuogopa jela, Afande. Niliogopa mama. Nilisikia sauti yake pale pale ndani ya gari: 'Nilisema.' Nikashuka, nikamvuta kwa kwapani, nikampitisha juu ya gia, nikamfunga mkanda. Viatu sikuvikumbuka. Nani anakumbuka viatu?"

"Na Fundi amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu. Ulipouliza ilikuwaje, ningesemaje? Niseme Mwalimu amekosea kuendesha? Nani angeamini, mji mzima? Lazima kosa liwe la mtu mwingine. Jina la Fundi likanijia mdomoni. Jana yake tulikuwa gereji kwake. Alitupa chai."

"Usiku wa kuamkia leo amelala kwenye sakafu ya mahabusu. Mkewe amelala kwenye benchi."

"Nilikuwa nasikia mama akimshukuru Mungu kule ukumbini. Kila akisema hivyo nilikuwa nataka kutoka niseme. Miguu inakataa."

Inspekta akamsomea haki zake, polepole, akamwambia atamchukua kituoni kuandika maelezo.

"Lakini mama yako hatazisikia habari hizi dirishani kwa jirani. Utamwambia wewe, au nimwambie mimi?"

Alifikiri. "Mimi."

Walipoingia ukumbini, soga lilikufa. Mziwanda akapiga magoti mbele ya mkeka, akasema yote, kwa sauti ndogo, mbele ya nyumba nzima. Mama mdogo aliziba mdomo kwa kanga. Mjane alisimama, akakaa, akasimama tena.

Mama yao hakusogea. Alimtazama mwanawe muda mrefu mpaka watu wakaanza kuogopa.

"Alikuwa amelala?" aliuliza mwishowe.

"Amelala, mama."

"Hakushtuka? Hakuogopa?"

"Hakuamka hata kidogo."

Mama akajivuta kanga kichwani. Sauti ilikuwa kavu.

"Basi nenda kamtoe mtoto wa watu. Mkewe atakuwa hajala."

Nje, Sajenti alifungua mlango wa nyuma wa gari la polisi, gari lenye sakafu ya bati na matope ya miaka. Mziwanda aliinama, akafungua kamba za viatu. Akavua kimoja, akavua cha pili, akavigonganisha kutoa vumbi, akasimama navyo mkononi akitafuta pa kuviweka.

Sajenti alifungua mdomo. Inspekta alimtikisia kichwa anyamaze, akavipokea viatu, akavipeleka kwenye buti.